Atakayekukanyagia Breki Mahajanga

Ambanoro, Jumanne baada ya alasiri

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho asubuhi, mbele ya watu, nikiwa nimejikaza. Humu nataka kusema yale ambayo mbele ya watu siyawezi. Umekwenda mjini Hell-Ville kuwaaga wenzako, na najua hurudi kabla ya magharibi, maana ukianza kuaga humalizi, una maneno kama mimi. Nimefunga duka mapema. Wateja wawili wameshagonga wakitaka sukari, nimewaambia kupitia dirisha waje kesho, leo nina kazi.

Nakuandikia Kiswahili, usininunie. Najua Kifaransa unakisoma mbio zaidi. Lakini Kisakalava cha wenyeji wa huku nilijifunza sokoni, Kifaransa nilikipata kwenye maandishi ya makopo, na Kingazija cha watu wa baba yako nilijifunza kwa kuteta na mawifi. Kiswahili ndicho pekee nilichokuja nacho kutoka Mombasa, na kijiji kizima hiki ni mimi na wewe tu tunaokisema. Kesho nitasema na nani? Labda na kuku.

Habari za kula vizuri, kulala mapema na kutotoka nje na nywele mbichi nimeziacha. Umri wako huo mimi nilikuwa nimeshavuka bahari kumfuata mwanamume niliyemjua miezi michache, kwa hivyo sina uso wa kukufundisha tahadhari. Nitakuambia habari za breki, kwa sababu ndizo kazi unayoiendea, na kwa sababu nyumba yetu iliharibikia hapo. Na kuna jambo moja nataka unifanyie kwa baba yako. Unakwenda Mahajanga, mji aliko. Utalala nyumba aliyomo, kwa shangazi yako Mariama, mtaa wa Ampisikina. Mimi nabaki na vyumba vitatu na sauti yangu mwenyewe. Mtu huyo nimemtamani miaka yote hii huku nikijifanya sina habari naye. Haya, nimeshasema. Nilidhani kalamu ingenikatalia.

Hadithi ya tulivyokutana umeisikia kwa baba yako, na baba yako husimulia kama mtu anayesoma risiti. Ilikuwa miaka ya mwisho ya sabini. Meli yake ilikuwa imekwama Kilindini ikingoja kipuri, naye fundi wa mashine hana la kufanya, akawa anazurura mjini. Gari la mjomba lilikuwa limegoma mbele ya nyumba yetu. Halidi akapita, akasimama, akaangalia, akavua shati, akaingia chini ya gari la watu asiowajua. Hakuna aliyemwita. Alipotoka akasema maneno ya Kingazija akidhani ni Kiswahili. Mimi nilikuwa dirishani, nikacheka. Akatazama juu, akacheka kuliko mimi, uso mzima oili. Tangu siku ile niliweka kichwani kwamba Halidi ni mtu asiyengoja kuitwa. Shika hapo, maana nilikosea.

Tulipokuja huku, watu wake walikuwa wametoka Mahajanga na mabegi ya mkononi tu, baada ya zile fujo za kuwafukuza Wangazija. Wengine walirudi Ngazija, wengine wakajibanza hapa kisiwani mpaka mambo yatulie. Shangazi yake mmoja, marehemu Bi Zaina, hakuwa na mtoto. Akaniona nimekuja bila mama wala dada, akanionea huruma, akanipa nyumba hii. Siku ya arusi akasimama mbele ya watu akasema kwamba nyumba ni ya mwanamke, mwanamume huingia kwa kukaribishwa. Nikaitikia amina. Nilidhani ni maneno mazuri ya arusini tu, ya kumfurahisha bi arusi, kama tunavyosema kwetu kwamba utazaa mapacha. Sikujua kwamba wenyewe hawafanyi mchezo nayo.

Duka nilifungua ukiwa tumboni. Wajua kwetu huku kila kitu kinauzwa kwa kapoaka, kile kimkebe cha maziwa: mchele kwa kapoaka, maharage kwa kapoaka, sukari, dengu. Hakuna anayenunua gunia wala kopo zima. Kopo zima ni la mwenye duka, naye hulifungua akagawia watu. Basi madereva wa teksi wakawa wanakuja kuulizia mafuta ya breki kidogo, ya kujazia tu. Nikanunua debe Hell-Ville, nikalifungua, nikawa napima kwa kapoaka, natia kwenye chupa za soda, naziba mdomo kwa nailoni na uzi. Debe lenyewe likakaa wazi pembeni msimu mzima, limefunikwa kisahani, na mvua ile ya huku inayogeuza chumvi kuwa uji. Mimi najiona nimefika, duka langu halikosi kitu. Mafuta ni mafuta, nilijiambia. Ya nazi hunuka, lakini haya ya kiwandani yatafanywa nini na hewa?

Teksi zikatembea, wala hazikunilaumu. Kisiwa hiki gari litakimbilia wapi? Kabla hujaingiza gia ya nne umeshafika. Breki zake hazipati moto hata wa kuchemsha chai.

Halafu baba yako akaalikwa Mahajanga. Vijana wenye magari walikuwa wamekodi kiwanja cha zamani cha ndege nje ya mji, kwa siku nzima, kila mtu alete gari lake alikimbize atakavyo, bila askari na bila mbuzi barabarani. Siku kama hiyo hiyo unayoiendea wewe Jumamosi. Si mashindano, Amina, aliniambia, tunaendesha tu. Nikamwambia wanaume watano wenye magari wakikutana mahali hapana mbuzi, hayo ni mashindano. Akacheka. Rafiki yake wa utotoni alikuwa na gari jepesi, amemwachia alitengeneze na kuliendesha. Nikamfungashia mkate wa sinia, kuku wa kukaanga, na ndani ya kanga yangu ya bluu nikamzungushia chupa za mafuta ya breki kutoka dukani. Nilizifuta vumbi kwanza. Akazipokea kwa mikono miwili, akasema ana mke wa kuringia.

Yaliyomkuta unayajua. Mizunguko ya mwanzo breki zilikuwa safi. Kila mzunguko anakanyaga kwa nguvu pale mwisho wa njia ndefu, na kila akikanyaga moto unapanda. Kisha akakanyaga, pedali ikaenda mpaka sakafuni, laini, kama mtu aliyekanyaga godoro. Akapampu, ikashuka tena. Gari likapita alama, likapita majani, likaishia kwenye mtaro. Mguu wake wa kulia ukavunjika, na vile ulivyoungwa mpaka leo haukunjiki vizuri.

Akalazwa hospitali, kisha akachukuliwa na dada yake. Mimi nilikuwa na wewe mgongoni unawaka homa, na barabara ya kutoka Ankify, bandari ya ng'ambo, imekatwa na mvua. Sikwenda. Ningeweza kumwacha mtu dukani nikaenda baada ya wewe kupoa, na sikufanya. Nilituma nguo, nikatuma dua, nikajiambia atarudi akipata mkongojo.

Sasa mtu wa mashine hakai bure hata akiwa kitandani. Chupa moja ilikuwa imebaki. Akaagiza kopo jipya la mafuta ya breki, akaomba jiko liwekwe uani, akatia haya kidogo kwenye mkebe huu, na yale kwenye mkebe ule, akakaa mbali kidogo kuangalia yapi yatachemka kwanza. Yangu yakaanza kutoa mapovu wakati yale mengine yametulia tuli. Hapo akaelewa. Maji yanapochemka ndani ya mabomba ya breki yanakuwa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unajibana tu, hausukumi kitu. Furaha yake ya kujua ikamtoa akili. Akamwona dereva wa lori anayekuja huku, akamwambia, nenda kwa Amina, mwambie mafuta yake yana maji.

Dereva yule akaja Ijumaa, watu wametoka msikitini, duka limejaa. Akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini: Bibi, mume wako anasema mafuta unayouza yana maji.

Mwanaisha, wewe hujakaa nyuma ya meza ya duka ukauziana na watu wanaokujua. Kumwambia mwenye duka bidhaa yake ina maji ni kumwita mwizi. Kuna mwanamke hapa alihama kijiji kwa kuambiwa maziwa yake yana maji. Nikaona macho yote yananigeukia, wengine wanaangalia chupa walizoshika. Nikasikia joto limenipanda mpaka masikioni. Nikajibu pale pale, tena nikapandisha sauti nami: Mwambie Halidi mimi sichanganyi maji. Na nyumba yangu haina nafasi ya mtu anayeniita mwizi.

Nyumba yangu, nilisema. Mbele ya watu.

Kwetu Mombasa maneno hayo si kitu. Mke huyasema asubuhi, mume akaja jioni na samaki mkononi, yakaisha. Na kwetu, mwenye kufuatwa ni mke. Akikasirika anakwenda kwa mama yake, mume anajipaka mafuta ya nywele anakwenda kumwomba arudi. Lakini mwanamume aliye nje? Huyo ana miguu, anarudi kwake. Basi nikangoja. Mguu wake ulipopona nikasikia amepona, nikangoja. Nikasikia amepata kazi gereji, nikangoja. Nilipika chakula cha watu watatu kwa muda ambao naona haya kuutaja. Hakunipa talaka, hakuoa, nguo zako za Idi zilikuja kila Idi. Nami nikawa nasema kimoyomoyo, kumbe huyu mtu anaweza kukumbuka kipimo cha mabega ya mtoto na njia ya kurudi nyumbani hakumbuki.

Ulipokua nikaanza kukupeleka likizo kwake, na kila ukirudi ni baba amesema hivi, baba amesema vile. Mimi hujishughulisha na mchele nikijifanya sisikii. Mwaka mmoja ulirudi unajua breki. Ukakaa pale kizingitini ukaniambia: Mama, baba anasema mafuta ya breki yanakunywa maji ya hewani. Nikakuuliza yanakunywa vipi. Ukasema kopo likiwa wazi tu, hasa huku kwetu kwenye unyevunyevu, yanayavuta yenyewe, wala mtu hajatia kitu. Nikaacha kupepeta. Nikakuambia rudia. Ukarudia, umekereka, unadhani mama yako mzito wa kuelewa.

Wala mtu hajatia kitu. Kumbe hakuniita mwizi. Alikuwa ananiambia habari aliyoigundua, kama alivyokuwa akinieleza habari za mashine zake wakati wa kula, na mimi nikamfungia mlango. Nililia stoo siku ile, ukadhani ni kitunguu. Kesho yake nikazikusanya chupa zote na kile kilichobaki debeni, nikampelekea yule fundi wa Hell-Ville mwenye pipa la mafuta machafu. Aliniuliza nina wazimu gani wa kutupa mali. Mimi niliyelelewa kutotupa hata maji yaliyooshea mchele! Lakini kumwandikia baba yako neno moja la kumwambia nimeelewa, mkono haukuinuka. Nilisema moyoni, ameshajua nimejua, sasa atakuja.

Likizo iliyofuata ukarudi na swali. Baba anauliza kama mlango wa uani bado unagoma wakati wa mvua. Unakumbuka nilivyokujibu? Nilikutuma umwambie umeshatengenezwa na seremala hodari sana. Ukanitazama, ukautazama mlango uliokuwa umegoma saa ile ile, lakini ulikuwa mtoto mtiifu, ukaenda ukasema. Uliporudi nikakuuliza, juu juu tu, baba alisemaje? Ukasema alisema neno moja tu, vizuri. Hakuuliza tena habari za nyumba.

Mimi nilidhani namringia. Nilitaka ajue tunajiweza, apate wivu aje mbio. Loo! Kumbe alikuwa amesimama nje anapiga hodi, na mimi namjibu kwamba wenyewe hawapo.

Hili sikulijua mpaka alipokuja wifi Mariama mwezi uliopita kwa arusi ya hapa kijijini. Tulikuwa jikoni tunachambua dagaa, wewe ulikuwa chini ya teksi ya jirani. Akaniuliza kwa Kingazija chake cha polepole, anachonisemea kama mgonjwa: Wifi, ndugu yangu umwache angoje mpaka lini? Nikasema, angoje nini? Akasema, umwite. Nikacheka, nikamwambia, nimwite kwani mgeni, ana nyumba yake hapa na aje. Mariama akaweka dagaa chini. Akasema, nyumba yake ipi? Nyumba ni yako. Ulimtoa mwenyewe, dereva alituletea maneno, tulikuwa tumekaa sebuleni wote. Mwanamume mwenye heshima zake akishatolewa na mwenye nyumba haingii mpaka mwenye nyumba amwite. Sisi wote tulidhani wewe ndiye hutaki.

Nilikaa na kichwa cha dagaa mkononi mpaka akakichukua. Miaka yote ile yeye haji kwa sababu ananiheshimu, na mimi naona haji kwa sababu hanitaki.

Sasa nirudi kwenye breki, maana nikiendelea hapa karatasi italowa na utashindwa kusoma.

Unanizidi, najua, lakini nisikilize kama unavyomsikiliza mteja mwenye kelele. Nimekuwekea makopo ya mafuta ya breki begini, DOT 4, madogo, yamefungwa vile vile yalivyotoka kiwandani. Yamo ndani ya kanga ya bluu. Ndiyo, ile ile, alinirudishia na nguo zako mwaka ule, na sikuwahi kuivaa tena. Usinunue kopo kubwa kwa sababu ni rahisi. Kubwa utalibakisha, na likibaki utalionea huruma, ukilionea huruma utalitumia mwezi ujao. Wewe ni mtoto wa duka, naijua damu hiyo. Lililofunguliwa na kubaki, lipeleke kwenye pipa la mafuta machafu siku hiyo hiyo.

Ukienda dukani huko usisome namba kubwa tu ya mbele. Nyuma ya kopo kuna joto la kuchemka mara mbili: moja ni la mafuta yakiwa mapya, la pili ni yakiwa yameshakunywa maji. Wauzaji husifu la kwanza. Wewe tazama zote mbili, maana nchi yetu hii haikawii kukufikisha kwenye la pili. Kuna yale ya bei mbaya ya watu wa mbio, joto lake la kwanza liko juu sana, ila hunywa maji upesi, na ukiyatia uwe tayari kuyabadilisha kila siku ya kuendesha. Yale ya namba tano tupu, DOT 5 isiyo na nukta, usiyachanganye na haya, hayakubaliani kabisa. Na yale ya kijani ya magari ya Kifaransa yanayojiinua yenyewe, hata yakiwa yamekaa rafu moja na ya breki, usiyasogeze karibu, yatakuvimbishia raba zote.

Kuyabadilisha, hapo ndipo ninapomwonea wivu atakayekusaidia huko. Ulipoanza kazi za breki hapa uani, mimi ndiye nilikuwa mguu wako. Unanyonya ya zamani kwenye kichupa cha juu kwa bomba la sindano, unajaza mapya, unaingia nyuma kwenye gurudumu la mbali na mpira wako mweupe na chupa yako, mimi nakaa kwenye kiti cha dereva nimepandisha kanga magotini. Kanyaga, Mama. Nakanyaga. Shika hapo. Nashika. Unafungua nati ya kutolea mafuta, nasikia pedali inashuka chini ya mguu wangu. Unafunga. Achia. Naachia. Tena. Mpaka yatoke yale meusi kama chai ya juzi na yaje mepesi, bila povu. Kisha gurudumu jingine. Na kila baada ya muda unanipigia kelele nitazame kichupa cha juu kisikauke, maana kikikauka upepo unaingia na kazi inaanza upya.

Siku ile mteja alipopiga hodi, nami nikasema karibu nikatoa mguu kabla hujafunga nati, ulitoka chini ya gari na uso! Ulisema neno la Kisakalava nililojifanya silijui. Upepo ulikuwa umeingia mpaka ndani, tukarudia yote, mchele wa watu ukaungua. Tangu siku ile ukiwa chini ya gari mimi siitikii hodi ya mtu, hata akiwa imamu. Nilikuwa nazipenda jioni zile kuliko nilivyokuonyesha. Nilikuwa nalalamika mgongo kwa sababu ni tabia yangu kulalamika.

Na siku yenyewe uwanjani, mzunguko wa mwisho endesha polepole bila kukanyaga, breki zipate upepo. Ukisimama usivute breki ya mkono zikiwa za moto, zuia gurudumu kwa jiwe. Pedali ikianza kuwa laini, hata kidogo, hata ukiwa unaongoza wanaume wote wa Mahajanga, toka. Toka, mwanangu. Mimi sitaki kusikia habari za mtaro mara ya pili.

Basi, jambo langu. Gari lako liko gereji huko, na Ijumaa utalibadilishia mafuta ya breki ili Jumamosi uendeshe. Hii ni kazi ya watu wawili. Nilikuwa nikijiuliza usiku kucha nani atakukanyagia. Vijana wa gereji sina imani nao, mguu uko kwenye pedali na macho yapo barabarani. Sitaki wakukanyagie wao.

Mwite baba yako. Najua tangu aumie hakai kwenye kiti cha dereva, hata gari likiwa limezimwa, shangazi yako ameniambia. Atasema mguu haukunjiki. Mwambie atumie wa kushoto. Atasema ana kazi. Mwambie Mama amesema ni yeye tu. Mkalishe, wewe ingia chini, mfanye kazi kama tulivyokuwa tukifanya, magurudumu yote manne. Yeye hatakosea kuachia, yule ni mtu anayejua kungoja mpaka aambiwe. Miaka yote hii amekuwa hivyo na mimi sikujua.

Mkimaliza, pedali ikawa ngumu juu, usimwache ashuke. Simama mlangoni kwa gari, mikono yako michafu hivyo hivyo, umwambie maneno haya. Usiyapambe, usiyapunguze, na yaseme kwa Kiswahili ajue yametoka kwangu: Amina mwenye nyumba anakuita. Anasema mafuta yalikuwa na maji, ulisema kweli. Anasema karibu nyumbani.

Usimharakishe. Na akiuliza habari za mlango wa uani, safari hii sema kweli. Hakuja seremala. Unagoma, naufungua kwa bega, na randa ya baba yako iko pale pale alipoiacha.

Mama yako,
Amina